Kipele Kinapoondoka Chenyewe

Magonjwa mengi ya ngozi humsumbua mtu mpaka atafute dawa. Upele huwasha usiku kucha, jipu hupwita, mkanda wa jeshi huunguza mbavu hadi mgonjwa akose usingizi. Kaswende haina vurugu hizo. Kidonda chake cha kwanza kwa kawaida hakiumi, vipele vyake mara nyingi haviwashi, na vyote hupotea hata kama mgonjwa hakupaka wala kumeza kitu chochote. Ukimya huo ndio ulioufanya ugonjwa huu udumu kwa karne nyingi, na ndio unaonisukuma kuandika kwa ajili ya wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, wilaya ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja na ambazo bado zinatumia kwa pamoja masoko, barabara, hospitali na mpaka wa mto Kagera. Ninachotaka kukitetea ni hiki: dalili za kaswende kwenye ngozi zina kazi moja, nayo ni kumpeleka mtu akapime damu, na muda wa kuifanya kazi hiyo ni wiki chache tu. Mwenye kuzitumia kujihukumu, au kumhukumu jirani, anazitumia vibaya. Na mwenye kudhani kwamba kutoweka kwake ndiko kupona anaweza kuishi na dhana hiyo miaka 20 kabla ya kuilipia.

Kaswende husababishwa na bakteria aitwaye Treponema pallidum, kiumbe chembamba kilichojisokota, ambacho Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikiona kwa mara ya kwanza kwa hadubini mjini Berlin mwaka 1905. Huingia mwilini wakati wa kujamiiana kupitia michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na hukaa kimya kwa siku 10 hadi 90, mara nyingi kama wiki tatu. Kisha pale kilipoingilia hutokea kidonda, kwa kawaida kimoja: cha mviringo, safi, kisicho na usaha, chenye kingo zilizoinuka na tako gumu. Ukikibonyeza kwa vidole unahisi kama kifungo cha shati kilichofichwa chini ya ngozi. Mitoki ya kinena huvimba upande mmoja au pande zote, migumu, nayo pia haiumi. Mwanamume hukiona kidonda hicho kwa urahisi kikiwa kwenye uume. Mwanamke anaweza asikione kabisa, kwa kuwa hupenda kukaa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi. Kinaweza pia kutokea mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, mahali ambapo watu wengi hawafikirii ugonjwa wa zinaa. Kati ya wiki tatu na sita kidonda hufunga chenyewe, mara nyingine bila kuacha hata kovu.

Hapa ndipo udanganyifu wa kwanza unapotokea. Chukua mwanamume wa Omurushaka au Nkwenda aliyeona kidonda cha namna hiyo. Akiona aibu kwenda zahanati, atapita kwenye duka la dawa muhimu na kueleza kwa mafumbo kwamba amechubuka. Atapewa mrija wa dawa ya kupaka, au vidonge vya siku tatu. Atapaka, atameza, na baada ya wiki mbili kidonda kitakuwa kimekauka. Kwa macho yake ushahidi umekamilika: alikuwa na kidonda, alitumia dawa, kidonda kimepona. Siku rafiki yake atakapopata kidonda kama hicho, atamtajia dawa ileile kwa moyo mweupe kabisa. Aliyekwenda kwa mganga wa kienyeji atasema hivyohivyo kuhusu majani aliyopewa, na aliyeosha kwa maji ya chumvi atasifu chumvi. Wote watatu wanasema kweli kuhusu walichokiona na wote watatu wamekosea kuhusu sababu, maana kidonda kingefunga hata kama wangekaa tu. Simlaumu mtu yeyote kati yao. Ugonjwa wenyewe umejengeka kwa namna inayompa sifa kila anayeugusa, na ndiyo maana maneno ya "mimi nilipona kwa dawa hii" hayana uzito wowote linapokuja suala la kaswende.

Wiki chache baadaye, wakati mwingine hata miezi sita, bakteria waliokwisha kusambaa kwenye damu hujitokeza upya kwenye ngozi. Hatua hii ya pili ndiyo yenye mengi ya kutazamwa, kwa hiyo nitaikalia. Vipele hutoka kifuani, mgongoni, mikononi, na jambo linalostahili kukumbukwa kuliko yote ni kwamba hutoka pia kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu. Magonjwa ya ngozi yanayoshuka mpaka kwenye kiganja ni machache. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo hayana rangi nyekundu wala ya waridi inayoonyeshwa kwenye picha nyingi za vitabu vilivyoandikwa Ulaya, ambako wagonjwa waliopigwa picha walikuwa weupe. Kwetu huwa ya kahawia iliyokolea, ya kijivu, au ya zambarau iliyofifia, na mgongoni yanaweza kupotea ndani ya rangi ya ngozi kiasi kwamba hata mke au mume asiyaone. Kwenye kiganja, ambako ngozi yetu ni nyeupe zaidi, huonekana waziwazi: madoa ya duara yenye ukubwa wa punje ya mahindi au zaidi, mengine yakiwa na ukingo mwembamba wa magamba yanayobanduka.

Lakini Karagwe na Kyerwa ni nchi ya migomba na kahawa. Utomvu wa mgomba huacha madoa ya kahawia mikononi yasiyotoka kwa sabuni, mpini wa jembe huotesha sugu, na msimu wa kuchuma buni vidole hugeuka rangi. Mtu mwenye madoa ya kaswende viganjani ana sababu tatu au nne za halali za kuyapuuza kabla hajafika kwenye ile ya kweli. Tofauti inapatikana ukitazama kwa makini. Doa la utomvu hukaa juu ya ngozi na hufuata mahali mkono uliposhika. Doa la kaswende liko ndani ya ngozi, lina mpaka wa duara, na hujitokeza pia kwenye nyayo, ambazo hazikushika mgomba wala jembe. Kwa hiyo anayetilia shaka viganja vyake avue viatu atazame chini ya miguu.

Kuna sura nyingine ya hatua hii ambayo huonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, nayo hupotosha sana: vipele vya usoni vinavyojipanga kwa mduara, hasa kuzunguka mdomo, pua na kidevu, vikiwa na ukingo ulioinuka na katikati iliyo safi. Kila mtu akiona hivyo husema ni choa, na dawa ya choa hununuliwa siku hiyohiyo. Sehemu zenye unyevunyevu, kama vile kwenye mapaja karibu na sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, huota nyama bapa, laini na zenye majimaji ambazo huambukiza kwa urahisi mno. Hizi nazo hudhaniwa kuwa masundosundo, yanayoletwa na kirusi tofauti kabisa. Mdomoni hutokea mabaka meupe ya kijivu yasiyouma. Nywele zinaweza kung'oka kwa viraka, na nyusi kupungua upande wa nje. Mwili huchoka, homa ndogo hupita, viungo huuma, koo hukereketa, na kwa kuwa tunaishi katika mkoa wa malaria, homa hiyo hupewa jina la malaria. Kisha vyote hivyo, madoa na homa pamoja, huondoka. Huo ndio udanganyifu wa pili, na ni mkubwa kuliko wa kwanza kwa sababu baada yake ngozi inaweza isiseme neno tena kwa miaka mingi.

Mtu anaweza kuniuliza: kama dalili zenyewe zinafanana na choa, utomvu, masundosundo na malaria, kuna faida gani kumfundisha mwananchi kuzitambua? Swali hilo ni la haki, na linazidi kuwa na nguvu ukikumbuka kwamba siku hizi kuna magonjwa mengine yanayofika viganjani. Mwezi Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza homa ya nyani, au mpox, kuwa dharura ya kimataifa baada ya kuenea kutoka mashariki ya Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mwezi Machi 2025 Tanzania ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza. Vipele vya mpox pia hutoka kwenye viganja, nyayo na sehemu za siri. Kwa kawaida huuma, huanza na homa na kuvimba kwa tezi, hujaa maji kisha usaha na kuacha magaga. Upele wa kawaida huwasha zaidi usiku na hupenda katikati ya vidole. Malengelenge ya sehemu za siri huja kwa vikundi, huuma, hupasuka, hupona na kurudi tena, nayo ndiyo chanzo kikubwa cha vidonda vya sehemu za siri Afrika siku hizi. Kidonda cha pangusa huuma sana, kina kingo zilizochanika na usaha. Kila ugonjwa una alama zake, na kila mmoja unaweza kuzikiuka, na mwananchi hapaswi kubeba mzigo wa kupambanua hayo peke yake akiwa nyumbani.

Jibu langu ni kwamba kufanana huko hakuiangushi hoja, kunaipa mguu. Historia ya jirani zetu ng'ambo ya mto inaonyesha yanayotokea ngozi inapofanywa hakimu wa mwisho. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekuwa ametumwa Uganda, alichapisha taarifa iliyosomwa dunia nzima ya kitabibu. Alidai kwamba kaswende ilikuwa imeikumba nchi hiyo kiasi cha kutishia kuiangamiza, akitaja makadirio ya hadi asilimia 80 ya watu wa Buganda. Serikali ya kikoloni ilianzisha vituo vya kutibu magonjwa ya zinaa, na hospitali ya Mulago ya Kampala ina mizizi yake katika kampeni hiyo. Kwa nini watu walikuwa na ugonjwa huo? Maelezo yaliyotolewa yalihusu tabia: uhuru wa wanawake, kulegea kwa nidhamu ya zamani, na hata kuja kwa Ukristo. Wanahistoria waliochunguza upya kumbukumbu hizo, akiwemo Megan Vaughan katika kitabu chake cha mwaka 1991, Curing Their Ills, wameonyesha kwamba sehemu ya vidonda na vipele vilivyohesabiwa kuwa kaswende huenda ilikuwa buba au aina nyingine za maambukizi zisizohusiana na zinaa. Buba huletwa na ndugu wa karibu mno wa bakteria wa kaswende, huenea kwa kugusana ngozi, na huwapata watoto zaidi. Madaktari wenye hadubini na vyeo walitazama ngozi za watu, wakasoma uasherati, na maelfu ya familia zikabeba jina ambalo wengine kati yao hawakustahili.

Kagera yenyewe inaijua gharama ya hukumu ya macho kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Kwa miaka iliyofuata, kabla vipimo havijawa vya kawaida, watu walisoma ngozi za wenzao: kovu la mkanda wa jeshi, vipele vya kuwasha miguuni, nywele zilizonyooka na kupoteza rangi. Wapo waliotengwa ambao hawakuwa na virusi, na wapo waliosifiwa kwa ngozi nyororo huku wakiwa navyo. Kwa hiyo ninapokutana na hofu kwamba makala kama haya yatawafanya watu waanze kukaguana viganja sokoni au kanisani, siibezi. Ni hofu yenye historia. Lakini dawa yake ni kueleza kikomo cha dalili pamoja na dalili zenyewe. Doa kwenye kiganja haliwezi kusema nani alimwambukiza nani. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila alama, hivyo mtu anaweza kuingia kwenye ndoa akiwa nayo bila kujua. Hata kipimo cha damu hakitaji tarehe wala jina. Mume anayeshika majibu ya mkewe na kudai kwamba amepata ushahidi wa usaliti anadai kitu ambacho hakuna daktari duniani anayeweza kukithibitisha kwa karatasi hiyo.

Wengine hupinga kutoka upande wa pili. Wanasema kwamba kama vipele vinaondoka vyenyewe na mtu anaendelea na shughuli zake, mwili umeshinda, basi tusitishane. Swali hilo lilipata jibu huko Norway kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Kati ya mwaka 1891 na 1910, Profesa Caesar Boeck wa Oslo aliwalaza wagonjwa wa kaswende wapatao 2,000 bila kuwapa dawa za zebaki zilizokuwa zikitumika, kwa kuwa aliamini zina madhara kuliko faida. Wagonjwa wake walifuatiliwa kwa miongo mingi, na matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 1955. Takriban robo yao walirudiwa na dalili za hatua ya pili. Karibu theluthi moja, baada ya miaka mingi ya ukimya, walipata madhara ya hatua ya mwisho: vidonda vinavyokula ngozi na mifupa, kutanuka kwa mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, au kuharibika kwa ubongo na uti wa mgongo. Ni kweli kwamba theluthi mbili hawakupata hayo. Lakini hakuna aliyeweza kujua mapema ataangukia kundi gani, na hesabu hiyo haijamgusa bado mtoto aliye tumboni.

Kuhusu mtoto, ushahidi hauhitaji kutafutwa Ulaya. Uko ng'ambo ya Ziwa Victoria, Mwanza. Mwaka 2002 Deborah Watson-Jones na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wajawazito wa mkoa huo. Miongoni mwa wanawake waliokuwa na kaswende kali ambayo haikutibiwa, asilimia 25 ya mimba ziliishia mtoto kuzaliwa mfu, na asilimia 33 ya watoto waliozaliwa hai walikuwa njiti au wenye uzito pungufu. Katika kundi la wanawake ambao hawakuwa wamepimwa, watafiti walikadiria kwamba karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu walipotea kwa sababu ya kaswende. Sehemu ya pili ya utafiti huo ndiyo inayopaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki ya wajawazito: wanawake waliochomwa sindano moja ya penisilini walijifungua salama sawa na wale ambao hawakuwa na ugonjwa kabisa. Mtoto anayezaliwa hai akiwa na kaswende anaweza kuonekana mzima siku za kwanza. Kisha pua huanza kutiririsha makamasi yasiyokoma, wakati mwingine yenye damu, ini na wengu huvimba, na ngozi ya viganja na nyayo hutoa malengelenge na kubanduka. Dalili hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa, kwa sababu malengelenge ya kawaida ya watoto wachanga hayaanzii chini ya miguu.

Basi kwa nini tusiseme tu "wote wakapime" na kuachana na habari za ngozi? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na naona jibu lake limo katika mpangilio wa huduma zetu. Mama mjamzito ana mlango. Akienda kliniki kwa hudhurio la kwanza, kupimwa kaswende ni sehemu ya utaratibu, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha wajawazito wapimwe VVU na kaswende kwa kipimo kimoja cha haraka. Takwimu za kitaifa za wajawazito mwaka 2011 zilionyesha asilimia 2.5 walikuwa na kaswende, na tunazifahamu kwa sababu wanawake hupita kwenye mlango huo. Mwanamume wa Kaisho au Nyaishozi hana mlango kama huo. Hakuna siku katika maisha yake ambayo utaratibu wa kawaida unamtaka anyooshe kidole kitobolewe, isipokuwa amsindikize mkewe kliniki au aende kuchangia damu. Kwake yeye, ngozi ndiyo kengele pekee. Tukiacha kumfundisha inavyosikika, tumemwachia mkewe kazi ya kugundua ugonjwa wa watu wawili, na mara nyingi ataugundua mimba ikiwa tayari ina miezi.

Kengele hiyo ina faida nyingine kwa mkoa huu. Kidonda cha kaswende ni mlango uliofunguliwa kwa VVU. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la Mwanza, ambako vituo vya afya vya vijijini viliimarishwa ili viwatibu vizuri watu waliokuja na dalili za magonjwa ya zinaa. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na vijiji visivyoimarishwa. Jaribio la Rakai, wilaya ya Uganda inayopakana na mkoa wetu, lililotoa dawa kwa watu wote wenye dalili na wasio nazo, halikupata punguzo hilo lilipochapishwa mwaka 1999, na wataalamu wanadhani tofauti ilitokana zaidi na hatua ambayo janga lilikuwa limefikia kule. Sitaki kulifanya jaribio moja kuwa sheria. Ninachokichukua Mwanza ni cha kiasi: mtu mwenye dalili anayetibiwa vizuri karibu na nyumbani kwake analinda na wengine.

Kupima kwenyewe kumekuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tone la damu la kidole, kijiti kidogo, na majibu kwa takriban dakika 20. Hakuhitaji maabara kubwa ya Nyakahanga au Isingiro. Ila nisiisifie damu kupita kiasi baada ya kuikosoa ngozi. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya maisha yote hata kwa mtu aliyetibiwa akapona, na hakitenganishi kaswende na buba. Kinaweza pia kuwa hasi katika siku za mwanzo kabisa za kidonda, kabla mwili haujatengeneza kinga ya kutosha kuonekana, na hapo mtoa huduma mwenye ujuzi hutibu kwa kutazama kidonda na kumwambia mgonjwa arudi. Kipo kipimo kingine, kinachoitwa RPR, kinachoonyesha kama ugonjwa bado unafanya kazi na kama matibabu yamefaulu. Kwa hiyo anayepima aeleze kama aliwahi kutibiwa kaswende, lini na kwa dawa gani, na ahifadhi karatasi yake.

Matibabu ni benzathini penisilini, dawa ya jamii iliyoanza kutumika dhidi ya kaswende mwaka 1943 na ambayo hadi leo bakteria huyu hajaizoea. Ni unga mweupe unaochanganywa na maji ya sindano hadi uwe mzito wa rangi ya maziwa, na huchomwa matakoni kwa sindano nene kwa sababu nyembamba huziba. Inauma, na eneo hubaki zito kwa siku moja au mbili. Kwa kaswende ya hatua za mwanzo dozi ni uniti milioni 2.4 mara moja. Ikiwa ugonjwa umepita miaka miwili au muda wake haujulikani, dozi hiyo hurudiwa kila wiki kwa wiki tatu. Ndani ya saa 24 za kwanza baadhi ya wagonjwa hupata homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa, na vipele vinaweza kukolea. Hiyo kwa kawaida hutokana na bakteria wanaokufa kwa wingi, nayo hupita. Wapo wanaoamini kwamba sindano imewakataa na kukimbia dozi zilizobaki, na hilo ni hasara kubwa. Mjamzito anayepata hali hiyo arudi kituoni, na yeyote anayevimba uso au kushindwa kupumua baada ya sindano ahudumiwe papo hapo, maana huo ni mzio wa kweli.

Atauliza mtu kwa nini asipewe vidonge aepuke maumivu hayo. Doksisaiklini kwa siku 14 inaweza kumtibu mtu asiyeweza kutumia penisilini kama ugonjwa uko mwanzoni, lakini wajawazito hawapewi, na katika siku hizo 14 wengi huacha mara kidonda kinapofunga, jambo ambalo kwa kaswende halina maana yoyote. Azithromaisini, inayonunuliwa kirahisi madukani, imekwisha kushindwa na aina za bakteria huyu katika nchi nyingi. Vidonge vichache vya amoksilini vilivyobaki nyumbani haviponyi kitu. Kinachoweza kutokea ni kuvuruga dalili na kumchanganya atakayempima baadaye. Na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, ambao vijijini mara nyingi ndio wa kwanza kuonyeshwa kidonda, wanaweza kufanya jambo kubwa kwa sentensi moja: wakatae kuuza mrija kwa kidonda cha sehemu za siri na wamwelekeze mteja zahanati. Watapoteza shilingi chache siku hiyo. Wizara na halmashauri nazo zina deni lao, kwa kuwa mteja aliyeelekezwa zahanati akakuta vipimo au sindano vimekwisha hatarudi mara ya pili.

Msomaji, ukiona kidonda kisichouma sehemu za siri au mdomoni, au madoa kwenye viganja na nyayo, au vipele vya duara usoni visivyosikia dawa ya choa, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe kabla havijapotea. Kama vimekwisha kupotea, nenda vilevile. Usijamiiane mpaka utibiwe na kidonda kifunge, na mwenzako apimwe na kutibiwa pia, la sivyo mtarudishiana. Ukifika, usiishie kuonyesha kipele na kusubiri daktari akisie. Sema wazi: "Naomba kupimwa kaswende."